Kahawa ya Mzee Haitupwi Jaani

Mamangu alikuwa na pepo, na huyo pepo alikuwa mkorofi wa kahawa.

Naanza hapo kwa sababu watu wakisikia pepo hudhani ni mambo ya mayowe na kugaagaa chini. Kwetu Likoni hakukuwa na hayo. Pepo wa mama alikuwa mstaarabu. Mama alimwita mzee, sisi watoto tukamwita mzee, na hata jirani akija kuazima kinu huuliza, "Mzee hajambo?" kama kwamba yumo chumbani amejilaza. Ilisemekana ni Mwarabu wa ng'ambo. Mara chache alipompanda mama na kusema kwa ulimi wake, Kiarabu chake hakikuzidi changu cha chuo cha Kurani, na mie chuoni nilitolewa kwa kusema sana. Lakini kulalamika alijua. Kahawa nyepesi. Halua ngumu. Udi huu mmenunua wapi, mwanifukiza mie au mwafukuza mbu?

Kila Alhamisi mama alimwandalia chano chake: halua, tende, dele la kahawa chungu yenye tangawizi, na kikombe kidogo kisicho mkono. Pembeni huweka kofia ya vito, ile iliyodariziwa kwa mkono, na bakora, asije mzee akataka kutoka. Mama mwenyewe kahawa hakuigusa katu, alisema yamkwaruza roho. Yeye alikuwa mtu wa chai ya maziwa, hiliki nyingi, imechemka mpaka imeshikana. Chano kiliwekwa mbele ya kiti cha mzee hapo ukumbini, kiti kizuri cha mbao chenye mgongo wa kusukwa, ambacho hakikukaliwa na binadamu. Wageni walikalishwa mkekani, wazee kwa vijana, na kiti kitupu kikiwatazama. Baba alikuwa amekufa zamani, na hata alipokuwa hai kiti hicho hakukithubutu.

Sasa, taabu haikuwa kuandaa. Taabu ilikuwa kuondoa. Mzee hula harufu tu, halua yabaki vile vile. Na mabaki yake hayaliwi na mtu wa nyumba. Hayatupwi jaani. Hayamwagwi chooni, astaghfirullah. Hayapewi mnyama. Hupelekwa pwani maji yakipwa, bahari ikaondoka nayo, na mwenye kuyapeleka hasemi neno tangu kutoka mlangoni mpaka mikono iwe mitupu, wala hageuki nyuma. Akisema, imevunjika. Arudi, angoje Alhamisi nyingine, aanze upya.

Kwamba hayapewi mnyama tulijua kwa sababu ya kuku. Kuku mmoja mwekundu, kimbelembele, aliwahi kuruka dirishani akadonoa halua ya mzee mbele ya macho yetu. Basi yule kuku akapata cheo. Hakuchinjwa Idi ndogo, hakuchinjwa Idi kubwa. Akipita barabarani mama hungoja apite kwanza. Alizeeka, akaota upara shingoni, akafa kifo chake mwenyewe chini ya mtungi, na mama akatoa sadaka ya mikate. Mie nililia kwa hasira, kwa sababu nilikuwa nimemtamani kwa wali wa nazi miaka na miaka.

Hivyo ndivyo tulivyoishi, na tungeishi hivyo hadi leo, lau kaka yangu wa bandarini hangeamua kumpeleka mama Hijja.

Ilikuwa miaka ya themanini inaishia. Mie nilikuwa nimeachika, nimerudi kwa mama na cherehani yangu, nashona barazani na kusema na kila apitaye. Siku kaka alipoleta habari, mama alisujudu palepale ukumbini. Halafu akanyanyuka, akakitazama kile kiti, uso ukamshuka.

"Na mzee je?" akasema.

"Mzee gani, mama?" kaka akauliza, naye ajua vyema.

"Nitaenda vipi nimwache mgeni nyumbani hana wa kumpa kahawa?"

Kaka akenda kwa maalimu wake, na maalimu akaja mwenyewe, akakaa mkekani, akamwambia mama kwa upole kwamba mambo hayo yaachwe, mtu haendi nyumba ya Mungu na nyumbani kwake pana chano cha pepo. Mama akamsikiza, kichwa kimeinama. Akasema, "Maalimu, maneno yako ni haki. Nitamtoa. Lakini nitamtoa kwa adabu. Miaka yote hino nimekaa naye, hatolewi kama paka."

Maalimu akaliacha lipite. Alikuwa mtu wa Pwani naye, mgeni kutolewa bila adabu hakulipenda.

Shauri likawa hili: mama amwandalie mzee chano cha mwisho, cha kuagana. Na kofia yake na bakora yake viende pamoja nacho. Kiti kitaoshwa kwa marashi kiwe kiti kama viti vingine. Chano kipelekwe pwani kwa masharti yale yale, na mchukuzi awe mwanamke wa damu, maana magoti ya mama yalikuwa yamekwisha. Mwanamke wa damu alikuwa mmoja tu, mie. Na mama akaapa wallahi, chano hicho kisipofika baharini sawasawa, hapandi ndege. Kaka amekwisha kulipa, jina limekwisha kupelekwa, na kabla ya siku ya safari zimebaki Alhamisi tatu. Kaka alinitazama akashika kichwa. Katika Likoni nzima, mtu aliyekabidhiwa Hijja ya mamake kwa kunyamaza alikuwa mie.

Alhamisi ya kwanza maji yalikuwa yakipwa mchana. Nikatoka na chano mikononi, nimekifunika kawa, kofia juu yake, bakora nimeibana kwapani, midomo nimeibana zaidi. Sikufika mbali. Jirani wa mlango wa pili alikuwa akichuja tui barazani kwake.

"Ee shoga, wapita?"

Nikatikisa kichwa.

"Mbona kimya? Hujambo? Mama hajambo? Habari za tangu asubuhi?"

Nikatikisa tena, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Sasa, kwetu mtu hapitwi hivi. Ukimpita mtu bila kumwitikia, heri ungemwagia maji ya samaki. Nikasikia sauti yake ikibadilika mgongoni mwangu. Nimekukosea nini, shoga? Au ni lile gauni nililosema umelipinda? Mie nikaenda. Ndipo akapaza, ili na mtaa wa pili usikie: "Ala! Kwa kuwa mama yuwaenda Hijja basi na binti ameingia peponi na viatu! Huyo huyo aliyerudishwa na mume kama sufuria iliyotoboka!"

Jamani. Ningekuwa jiwe ningenyamaza. Niligeuka nyuma, na nikasema. Nilimwambia ya kwake na ya mumewe, na ya kuku wa watu aliyeibiwa mwezi wa Ramadhani, nikasema mpaka kahawa ikanimwagikia kwenye buibui, na hapo ndipo nilipokumbuka nimebeba nini.

Nikarudi. Mama alikuwa mlangoni.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Mengi?"

"Mama, usiniulize."

Alhamisi ya pili maji yalikuwa yakipwa asubuhi. Jirani nilikuwa nimekwisha kumwomba radhi na kumweleza, na akalia na kucheka na kunisamehe, na siku hiyo alipoona natoka alijifungia ndani ili asinitie majaribuni. Nikapita salama. Nikaivuka barabara ya lami. Moyo ukaanza kufurahi. Mbele yangu akatokea mzee mmoja wa msikitini, mtu wa heshima zake, ameshika fungu la samaki kwenye ukindu.

"Assalaam alaykum," akasema.

Hapo nikasimama kama nguzo. Maana kuamkia ni hiari, lakini salaam ukipewa kuijibu ni wajibu. Upande huu mzee wa ng'ambo ananikataza kusema, upande ule dini yaniamuru. Nikaijibu moyoni. Moyoni hakusikia. Akairudia kwa sauti kubwa zaidi, akanikaribia, akainamisha uso kunitazama vizuri, samaki wake wakininukia. "Binti, u mzima? Assalaam alaykum!" Watu wakaanza kusimama.

"Wa alaykum salaam," nikasema. Nilihisi kama nimevunja sahani.

Nyumbani mama alinipokea chano. Kisha akatoa hukumu yake. "Salaam ni maneno ya Mungu, haiharibu kitu. Mbona hukuendelea na safari?"

"Aliniuliza habari za pasipoti yako, mama."

"Ukamjibu?"

"Nilimweleza."

"Yote?"

Nilimweleza yote, na ya picha iliyorudishwa kwa kuwa mama alifumba macho. Mama akainuka, akamwaga kahawa mahali pasafi kando ya mgomba, akamwomba mzee subira kwa wiki nyingine. Usiku huo nilimsikia akivuta kamasi, nami nikageukia ukutani. Nilijichukia, wallahi. Mama yangu katika umri wake hakuwahi kutaka kitu kwa ajili yake mwenyewe ila hicho kimoja, na kilikuwa kinazuiwa na ulimi wangu.

Ikafika Alhamisi ya mwisho. Ilibaki hiyo tu. Kaka alikuja mapema, akapendekeza nifungwe kitambaa kama mwenye jino. Mama akasema hapana, mzee atadhani analetewa maiti. Akaja na shauri lake mwenyewe: yeye atatangulia mbele kidogo, akiwaambia watu wasiniamkie.

Nadhani mwaona kosa liko wapi. Mama hakuliona. Alijifunga buibui lake, akatoka na magoti yake mabovu, na kila mlango akabisha, "Hodi wenyewe. Mwanangu yuwapita na chano cha mzee. Nawaomba msimwamkie." Basi nani atabaki ndani kwa habari kama hiyo? Nilipotoka mie nikakuta mtaa umejipanga pande mbili. Wanawake, watoto, muuza mihogo na karai lake, fundi baiskeli na mikono ya grisi, wote kimya, wengine wameweka kidole mdomoni kunikumbusha. Mwanamume mmoja alivua kofia. Mtoto akapiga chafya, akazabwa kofi, naye akalia bila sauti. Mie kicheko kilinipanda kikafika kwenye meno, nikakimeza, kikapanda tena. Nilipita katikati yao kama bibi harusi aliyekosa bwana.

Kwenye lami magoti ya mama yakagoma. Akaketi juu ya jiwe, akanionyesha kwa mkono niende tu, maji hayangoji. Nikaenda peke yangu njia ya Shelly Beach.

Njia ya siku zote ya kuteremkia pwani nikaikuta imezibwa ukuta. Hoteli moja ilikuwa imejiongeza. Pa kupita palikuwa ni ubavuni mwa geti lao, na hapo palikuwa na askari wa geti, mtu wa bara, wa makamo, mrefu, na koti zito la kazi lisilofaa jua lile. Kiti hakuwa nacho. Alikuwa amekalia tofali.

"Wewe mama, simama. Unapeleka wapi hii vitu?"

Kimya.

"Hapa hakuna kuuza-uza. Nani amekutuma?"

Kimya. Nikaonyesha bahari kwa kidevu.

"Huongei? Wewe ni bubu?"

Nikafikiri haraka. Kutikisa kichwa si kusema. Nikatikisa: ndiyo, ni bubu.

Lo, yule bwana akabadilika! Uso ukamlainika palepale. Akaniambia pole, kwa sauti kubwa, kama watu wanavyowapigia bubu kelele. Akanipokea chano kisije kikanichosha, akakiweka juu ya tofali lake, akafunua kawa ili atimize kazi yake ya upekuzi. Akaona halua. Akaona tende. Akasikia harufu ya kahawa. Nikaona koo lake likipanda na kushuka.

Nikarusha mikono kumwambia funika, funika. Nikakigusa chano, nikamwonyesha yeye kwa kidole, nikatikisa mkono kwa nguvu zote: si chako.

"Mimi?" akasema. "Ati nikule?"

Nikatikisa kichwa kukataa mpaka buibui likateleza.

"Hapana ogopa, mama. Bosi hayuko."

Akanawa mikono kwa maji ya chupa. Akavua kofia ya kazi, akafumba macho, akakiombea chakula cha mzee kwa dini yake, polepole, akinitaja na mie katika maombi. Kisha akala. Nilisimama pale nimejishika kichwa kwa mikono miwili, natazama halua ya pepo ikiingia kinywani mwa askari, tonge baada ya tonge, na mdomo wangu uliosema yote ya dunia kwa watu wasiouliza, siku hiyo umefungwa. Akajimiminia kahawa, akaionja, akakunja uso wote.

"Kali!" akasema. Akaionja tena. "Unajua, mama, mimi nimezaliwa kwa shamba ya kahawa. Tumechuma kahawa mpaka vidole inakuwa nyekundu. Lakini kuinywa, sijawahi. Sisi watu ya chai. Sijui ilikuwa inaenda wapi."

Na kwa kuwa mie ni bubu, akanieleza maisha yake. Watu humweleza bubu mambo ambayo hawamwelezi mke. Mkewe alikufa. Watoto wako kwa nyanya yao. Tangu aje Pwani anakaa chumba kimoja kule Chaani, avuka feri kuja kazini na kurudi, na hapana mtu aliyewahi kumwambia karibu chakula. Wewe ni wa kwanza, akaniambia, na wewe huwezi hata kuongea. Akajipangusa macho kwa mkono wa koti. Nami nikasimama, hasira yote imeniishia, sijui nilie kwa ajili ya mama au kwa ajili yake. Jua lilikuwa likimchoma utosi, basi akaichukua ile kofia ya vito, akaniuliza kwa macho, akaivaa. Bakora akailaza magotini.

Hapo ndipo mama alipotokea njiani, anachechemea, amekuja kuona kilichonikawiza.

Alimwona kwa nyuma kwanza. Mtu mzima, ameketi, kofia ya vito kichwani, bakora magotini, kikombe kisicho mkono kimeelea vidoleni. Mama akasimama. Mkono ukamwendea kifuani. Akamzunguka taratibu mpaka mbele yake, na mamangu, ajuza ambaye mtaa mzima ulimwamkia, akamwinamia yule bwana aliye sawa na mwanawe.

"Shikamoo," akasema.

Askari wa watu akababaika. Kwao hiyo salamu hawana, alikuwa amejifunza tu kwamba ukiambiwa vile wajibu hivi.

"Marahaba, mama," akaitika.

"Nimekuja kukuaga. Naenda Hijja. Kama nilikukosea kwa kahawa au kwa jambo lolote, uniwie radhi."

Akanitazama mie, nami nikaangalia mchanga. Akamtazama mama, machozi yamtiririka. Nadhani alimwona bibi kizee mwenye binti bubu, amechanganyikiwa kidogo, na akaona si wakati wa kuuliza maswali.

"Hakuna makosa, mama," akasema. "Kahawa ilikuwa mzuri sana. Enda salama. Na utuombee huko."

Mama akalia kwa sauti. Akasema, "Alhamdulillahi, ameniruhusu." Akanishika mkono, tukaondoka bila kugeuka nyuma, chano na dele na kawa tumemwachia. Kufika kwenye lami akaniambia, "Sasa sema, mwanangu." Na mie, wallahi, sikuwa na la kusema.

Mama akapanda ndege. Tulimsindikiza mtaa mzima, tukavuka feri kwa nderemo, na jirani wa mlango wa pili alilia kuliko mimi.

Alirudi mwembamba, ana furaha, na maji ya zamzam ndani ya galoni la mafuta ya kupikia. Alhamisi ya kwanza baada ya kurudi nilimwona ameketi mkekani na kikombe chake cha chai ya maziwa, anakitazama kile kiti kilichooshwa marashi. Hapana aliyethubutu kukikalia, pamoja na kuoshwa kwake. Ukumbi ulikuwa mpweke. Mara tukasikia hodi.

Ni yule askari. Amevaa shati la kutokea, amekuja na chano kimesuguliwa, dele linang'aa. Alikuwa ameuliza nyumba hadi nyumba palipo mama aliyekwenda Makka, mwenye binti bubu, na watu walishindwa kumwelewa, maana mwenye binti bubu Likoni hawakumjua. Akaingia. Akatazama huku na huku, akaona kiti, akakikalia.

Mie nikapiga ukelele: "Yallah!"

Akaruka. "Si wewe ni bubu?"

Nikamtazama mama. Mama akapiga funda la chai. "Alipona," akasema. "Hijja yangu."

Tangu siku hiyo wafanyakazi wa hoteli walikuwa wakija barazani kwangu kunitazama. Mpishi wao mmoja aliniomba niseme kitu kidogo tu ajionee. Nikamwambia kitu, akaenda zake ameridhika.

Na yeye mwenyewe akawa mtu wa Alhamisi. Kila Alhamisi kabla ya kuingia zamu huja, hukaa kwenye kile kiti, mama humtilia kahawa chungu, naye hukunja uso na kusema kali, na huongeza. Alipozoea akaanza kulalamika. Leo nyepesi. Leo tangawizi umesahau. Mama alikuwa akimtumikia kwa raha, akimwita mzee, na mie nilidhani mwenyewe aichukulia kuwa ndiyo heshima ya Pwani kwa wanaume. Siku moja nilimwuliza mama faraghani, "Hivi yule kwako ni pepo au ni askari?" Akanijibu, "Wewe mwana wapenda kuuliza. Mtilie kahawa, yuwangoja."

Tulikwenda hivyo miaka. Mama akafa katikati ya miaka ya tisini, mchana, amejilaza ubavu, bila kumsumbua mtu. Askari alikuja matangani akakaa nje na wanaume, hakuingia ukumbini. Sikumtilia mtu kahawa tena. Kiti nikakifunika shuka. Sikuweza kukiona.

Arobaini ikapita. Alhamisi iliyofuata nilikuwa natoka feri na kitambaa cha wateja begani, na pale kwenye lami, karibu na lile jiwe alilokalia mama siku ile, nikamwona anakuja. Amevaa ile kofia ya vito. Mikononi amebeba sinia limefunikwa kawa, anatembea polepole, macho mbele.

"Hujambo, bwana!" nikamwita. "Umepotea!"

Hakuitika.

"Wee! Nakwambia hujambo!"

Akanipita. Hasira ikanipanda, unajua tena mie. Kahawa yote ile tuliyomnywesha, leo mama kafa ndiyo hatujui! Nikashika kiuno, nikafungua mdomo nimpe zake, na upepo ukanitupia harufu kutoka ndani ya kawa. Haikuwa kahawa. Ilikuwa chai ya maziwa, ya hiliki nyingi, iliyochemshwa mpaka ikashikana.

Nikageuka nikaiangalia bahari. Maji yalikuwa yakipwa.

Kumbe mama alimwambia. Alimwambia yote, na yeye alijua, na kila Alhamisi alikuja akakaa kwenye kiti kile akalalamikia tangawizi, kwa ajili ya mama. Nililia pale barabarani, kitambaa cha watu kikaburutika vumbini. Mbele yake, kwenye kona ya kuteremkia Shelly Beach, niliona vijana wa mihogo wameanza kunyanyua mikono kumwamkia, maana wote walimjua. Nikakunja buibui nikakimbia, nikampita, nikamtangulia.

"Msimwamkie!" nikawaambia. "Nawaombeni, msimwamkie. Yuwampelekea mama chai."